Sura ya Sita: Bibi wa Ngomeni

Ndani ya Ngome ya Tumaini Jema, mjini Cape Town, kuna bwawa linaloitwa Bwawa la Pomboo. Lilijengwa zama za Waholanzi, likafukiwa, watu wakalisahau. Wahifadhi wa karne ya 20 walipotaka kulifufua, msaada mkubwa waliupata kwa mwanamke wa Kiskoti aliyekuwa amelala kaburini zaidi ya miaka 150. Aliwahi kuishi ngomeni humo, akaliona bwawa lilivyokuwa, akalieleza kwa maandishi na kulichora. Leo mgeni anayepiga picha pale anapiga picha ya kitu kilichorudishwa duniani kwa sababu mtu fulani, zamani, alikuwa na muda wa kukaa na penseli.

Muda huo aliupataje, na nani alikuwa akimfulia nguo na kumpikia wakati akichora? Sura hii itazunguka hapo.

Jina lake la kuzaliwa ni Lady Anne Lindsay. Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1750 huko Balcarres, katika eneo la Fife, Uskoti. Baba yake alikuwa Earl wa tano wa Balcarres, cheo cha kikabaila kinachorithiwa mtoto kwa baba, naye alikuwa anakaribia miaka 60 alipompata Anne. Mama alikuwa msichana mbichi ukimlinganisha na mumewe. Wakajaaliwa watoto 11, Anne akiwa wa kwanza. Ukoo ulikuwa mkubwa, mfuko ulikuwa mwembamba. Ujanani mwake mzee huyo alikuwa amepigana upande wa familia ya Stuart, iliyodai kiti cha ufalme, katika uasi wa 1715, na wafalme wa London hawakuwa wepesi wa kusahau jambo kama hilo. Kwa hiyo Anne alikulia kwenye nyumba yenye jina kubwa, vitabu vingi na fedha chache.

Akiwa na miaka 21 hivi alitunga wimbo ulioenea Uskoti na Uingereza nzima, *Auld Robin Gray*. Ni kisa cha binti anayempenda kijana masikini. Kijana anakwenda baharini kutafuta, nyumbani mambo yanaharibika, na binti anaishia kuolewa na mzee mwenye uwezo ili kuwaokoa wazazi wake. Miaka mingi baadaye Anne alisimulia jinsi utunzi wenyewe ulivyokwenda. Alikwishamrundikia binti wa watu kila balaa: mpenzi kasafiri, baba kavunjika mkono, mama kaugua. Akaona bado halijatosha, akamwomba mdogo wake Elizabeth ampe msiba mmoja zaidi. Mtoto yule akamwambia aibe ng'ombe. Basi ng'ombe wa familia akaibwa, na wimbo ukakamilika. Hakuna msomaji wa Afrika Mashariki atakayehitaji kuelezwa kwa nini ng'ombe ndiye aliyemaliza kazi.

Wimbo huo aliuficha zaidi ya miaka 50. Mwanamke wa tabaka lake kujulikana kama mtunzi ilikuwa aibu ndogo, na yeye alishachoka kusemwa kwa mambo mengine. Maana huyu aliyetunga kisa cha binti anayelazimika kuolewa, mwenyewe aligoma kuolewa. Alihamia London na kuishi na dada yake Margaret. Mume wa Margaret, Alexander Fordyce, ndiye yule mwenye benki aliyekimbia madeni mwaka 1772, na kuanguka kwake kulitikisa mabenki ya Uingereza hadi Amsterdam. Nyumbani kwa dada hao wawili waliingia wanasiasa, waandishi, hata mwana wa mfalme. Wanaume waliomtaka Anne walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa Henry Dundas, mwanasiasa wa Kiskoti aliyekuja kuwa Waziri wa Vita na makoloni. Anne aliwapokea, akawasikiliza, akawaacha waende. Mji ukasema sana.

Mwaka 1793, akiwa na miaka 42, akaolewa na Andrew Barnard, mtoto wa askofu wa Limerick huko Ireland. Kijana huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka 12 na hakuwa na mali wala kazi ya maana. Kwa macho ya London hiyo ilikuwa ndoa ya kichaa. Kwa macho yangu hilo ndilo jibu lake kwa wimbo wake mwenyewe. Lakini mapenzi hayalipi kodi ya nyumba, na Anne alilijua hilo. Akachukua kalamu, akamwandikia Dundas, akamsumbua kwa adabu zote za kikabaila mpaka yule mchumba wa zamani akampatia Andrew cheo cha Katibu wa Koloni. Koloni lenyewe lilikuwa mwisho wa Afrika.

Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki tangu 1652, ilipoanzishwa kama kituo cha kuzipatia meli maji, mboga na nyama. Mwaka 1795 Wafaransa waliingia Uholanzi, na Waingereza wakahofia kwamba adui atawafungia njia ya India. Wakapeleka manowari, wakapigana kidogo pale Muizenberg, wakautwaa mji. Miaka miwili baadaye wakampeleka gavana wa kiraia, Lord Macartney, mtu aliyekwenda China mwaka 1793 kama balozi wa kwanza wa Uingereza na kurudi mikono mitupu. Mke wa Macartney alikataa kusafiri. Hivyo Barnard na mkewe walipotua Cape Town mwezi Mei 1797, Anne alijikuta ndiye mwanamke wa kwanza wa koloni. Gavana alipenda makazi madogo, akawaachia wao nyumba kubwa ya ngomeni.

Ngome hiyo ilijengwa na Waholanzi kati ya 1666 na 1679, yenye pembe tano, na kuta nene za mawe. Humo Anne alifungua milango. Aliandaa dansi, akaalika familia za Kiholanzi pamoja na maofisa wa Kiingereza. Waholanzi hao walikuwa wameshindwa vita juzi tu. Walimtazama mgeni kwa jicho la pembeni, na wengine walikataa kabisa kuja. Anne hakuchoka. Aliwatembelea majumbani kwao, akala chakula chao chenye mafuta mengi, akasifu watoto wao, akajifunza nani ana undugu na nani. Kisha usiku akakaa kumwandikia Dundas.

Barua hizo ndizo zilizompa jina. Ni ndefu, zina ucheshi, na zina kila kitu: bei, mvinyo, magomvi ya makamanda, nani anamchukia Mwingereza waziwazi na nani kimoyomoyo. Watu wengi huzisoma kama porojo tamu za mwanamke mwerevu. Tuziite kwa jina lake. Zilikuwa taarifa kwa waziri anayeamua kama koloni lishikwe au liachwe, zimevalishwa nguo za urafiki. Dundas alikuwa na makatibu na majenerali wa kumwandikia mambo ya bunduki na hazina. Mambo ya sebuleni alimtegemea Anne, na sebuleni ndiko siasa ya Cape Town ilikokuwa ikipikwa.

Barua, basi, zilikuwa za Dundas. Michoro ilikuwa yake mwenyewe, na mimi naiamini zaidi michoro.

Mabinti wa tabaka lake walifundishwa kuchora kama walivyofundishwa kucheza kinanda, ili wapendeze. Wengi waliishia kwenye maua na magofu. Anne alikwenda Rasi na ustadi huo wa sebuleni akautumia vingine. Kutoka ngomeni alichora mandhari ya mji mzima, akizungusha jicho kutoka baharini hadi mlimani. John Barrow, katibu wa Macartney aliyeandika kitabu kuhusu koloni hilo, alikadiria kwamba mji ulikuwa na nyumba zipatazo 1,100. Katika mandhari ya Anne unaona jinsi zilivyopangwa: paa bapa, kuta nyeupe, barabara zilizonyooka, na nyuma yake Mlima Meza umesimama kama ukuta. Alichora pia mashamba, magari ya kukokotwa na ng'ombe, wanyama, mimea, walowezi wa Kiholanzi, Wakhoikhoi wenyeji wa Rasi, na watumwa. Hakuwa fundi mkubwa. Miili ya watu wake wakati mwingine ina ugumu, mikono haikai sawa. Lakini jicho lake lilikuwa na njaa, na mkono ulifuata.

Chukua mchoro wake wa aina yoyote wa nyumbani au shambani, utazame pembeni badala ya katikati. Katikati wapo waliokusudiwa. Pembeni yupo mtu amebeba kitu au ameshika mtoto asiye wake. Katika barua mtu kama huyo hutajwa kwa nusu sentensi halafu hadithi inaendelea. Katika mchoro hawezi kupita. Ili umchore mtu inabidi umtazame, uone nguo yake ilivyofungwa, mguu wake usio na kiatu, shingo ilivyoinama. Pengine Anne hakukusudia kutuachia ushahidi huo. Ametuachia hata hivyo.

Watu hao wa pembeni walikuwa wengi kuliko wa katikati. Wakati Barnard na mkewe wanawasili, watumwa wa Rasi walikwishawazidi walowezi kwa idadi. Waliletwa kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Wa kutoka Msumbiji waliitwa *Masbieker*, na neno hilo lilidumu Cape Town vizazi kadhaa. Mabwana waliwapa majina waliyotaka wao, na mara nyingi walichukua kalenda tu: mmoja Januari, mwingine Aprili, mwingine Septemba. Hadi leo kuna familia Cape Town zinazobeba majina hayo ya miezi kama majina ya ukoo. Mji ulikuwa na nyumba maalumu ya watumwa wa Kampuni, iliyojengwa mwaka 1679 karibu na bustani yake. Jengo hilo bado lipo, sasa ni makumbusho.

Anne aliona haya yote, na si kwamba moyo wake ulikuwa jiwe. Aliwahurumia watumwa, akakerwa na ukatili wa baadhi ya mabwana, akaandika hivyo. Lakini chai yake ililetwa na watumwa. Waziri aliyekuwa akimwandikia, huyo huyo Dundas, ndiye aliyesimama bungeni mwaka 1792 na kupenyeza neno moja kwenye hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, kwamba ikomeshwe polepole. Polepole hiyo ilichukua miaka 15. Huruma ya Anne ilikuwa ya kweli, nayo ilikoma pale ambapo ingeanza kumgharimu.

Kuna mkabaila mwingine aliyekuwa akiishi Cape Town miaka hiyo hiyo, ambaye watu wa pwani yetu wangemwelewa haraka kuliko wanavyomwelewa Lady Anne. Abdullah ibn Qadi Abdus Salaam alitoka Tidore, katika visiwa vya Maluku, akiwa wa ukoo wa kifalme. Waholanzi walimkamata na kumleta Rasi mwaka 1780 kama mfungwa wa kisiasa, wakamfungia Kisiwa cha Robben, kile kile ambacho baadaye kilimfunga Mandela. Gerezani akaandika msahafu mzima kwa mkono kutoka kichwani mwake. Alipoachiwa mwaka 1793 alifungua madrasa katika Mtaa wa Dorp, akafundisha watumwa na watu huru, na kutokana na kazi yake ukazaliwa Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini. Wanafunzi wake walimwita Tuan Guru.

Kwa hiyo mji ule mdogo ulikuwa na watu wawili wa damu ya kitawala, kila mmoja na kalamu yake. Mmoja ngomeni, anaandika kwa waziri. Mwingine mtaani, anawaandikia watoto wa watumwa. Kati yao ilikuwa safari ya nusu saa kwa miguu. Historia ya makoloni imejaa majirani wa namna hii, na kwa muda mrefu vitabu vilimjua mmoja tu.

Lakini tumrudie Anne, maana miezi yake ya mwanzo ilikuwa ya furaha, na furaha yake inaambukiza. Alitaka kupanda Mlima Meza. Wenyeji wa Kiholanzi walimwona ana wazimu, wanawake wa heshima hawakuwa na desturi hiyo. Akapanda mwaka 1797 kupitia bonde la Platteklip, pamoja na Barrow na wenzao kadhaa. Njia ile hata leo huwatoa jasho vijana wenye viatu vya michezo: ngazi za mawe zisizokwisha, jua linachoma mgongo, na kila ukidhani umefika unaona bado. Yeye alikuwa na miaka 46 na nguo za karne yake. Kileleni wakala, wakanywa, wakaimba wimbo wa kumwombea mfalme wao. Vikapu vya chakula vilikuwa vimepandishwa na watumwa. Wao hawakuandika walivyouona mlima.

Safari kubwa zaidi ilikuwa ya 1798. Mwezi Mei Barnard na mkewe waliondoka mjini kwa gari la kukokotwa wakavuka milima ya Hottentots Holland kuelekea Swellendam, wakilala kwenye mashamba ya walowezi. Gari la namna ile halina springi. Kila jiwe la njiani linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Mlimani abiria hushuka na kutembea, wanyama wanavuta, watu wanasukuma. Anne alichora njiani, akachora na ndani ya nyumba alizolala. Wanahistoria wa Afrika Kusini wanaitegemea sana safari hiyo, kwa sababu walowezi wenyewe hawakuwa watu wa kuandika vile wanavyokaa, wanavyokula, wanavyolala wangapi chumba kimoja.

Njiani walifika Baviaanskloof, mahali panapoitwa leo Genadendal. Hapo wamisionari wa Kimoravia walikuwa wamejenga kituo kati ya Wakhoikhoi. Mmoravia wa kwanza, Georg Schmidt, alianza kazi mwaka 1738, akafukuzwa baada ya miaka michache kwa sababu ya kubatiza. Wenzake watatu waliporudi mwaka 1792, karibu nusu karne baadaye, walimkuta bado hai bibi mmoja aliyebatizwa na Schmidt, Magdalena, wengi wakimwita Lena kizee. Alikuwa ametunza Agano Jipya aliloachiwa na mwalimu wake miaka yote hiyo. Wamoravia walifundisha kusoma, kulima bustani na ufundi wa mikono, na walowezi wa jirani hawakuwapenda hata kidogo: Mkhoikhoi mwenye bustani yake na ufundi wake haendi kuchunga kondoo wa mtu kwa ujira wa tumbaku. Walilalamikia hata kengele ya kanisa.

Anne alihudhuria ibada. Alikaa na kusikiliza Wakhoikhoi waliovaa ngozi za kondoo wakiimba kwa sauti zilizopangika, na ibada ile ikamgusa kuliko alizowahi kuhudhuria makanisa makubwa ya kwao. Kurasa zake kuhusu siku hiyo ni kati ya bora alizoandika, kwa kuwa kwa mara moja hakuwa na mzaha. Ni kurasa za mtu aliyekwenda kutazama kitu cha ajabu akakuta watu. Kisha safari ikaendelea.

Mambo yalianza kuchacha Macartney alipoondoka mwishoni mwa 1798, amechoka na anaumwa. Aliyekuja kushika nafasi yake, Sir George Yonge, alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye madeni na watu wake wa kuwalisha. Leseni zikawa na bei, vyeo vikawa na bei. Kashfa mbaya kuliko zote ilihusu watumwa kutoka Msumbiji walioingizwa bandarini kwa hila wakati watu wa karibu na gavana wamefumba macho. Anne alimwandikia Dundas bila kumwonea Yonge haya, na mwaka 1801 gavana huyo akaitwa nyumbani kuchunguzwa. Barua zake peke yake hazikumwangusha, malalamiko yalikuwa mengi, lakini ninashuku Yonge alijua nani alikuwa anaandika usiku.

Kwa wakati huo Anne alikuwa amezidi kujitenga na mji. Walikuwa na kibanda msituni Newlands kilichoitwa Paradise, chini ya mlima, ambako zamani aliishi msimamizi wa ukataji miti. Baadaye wakajenga nyumba yao wenyewe huko huko Newlands, wakaiita The Vineyard. Hoteli iliyopo mahali hapo sasa bado ina jina hilo. Hakuna watoto waliozaliwa katika nyumba zile. Andrew alizama kazini, na Anne alichora, akapanda miti, akafuga wanyama wa porini.

Ulaya ikaamua yake. Katika mapatano ya amani yaliyokamilishwa Amiens mwaka 1802, Uingereza ilikubali kuirudisha Rasi kwa Waholanzi. Miaka mitano ya dansi na barua ikawa karatasi. Anne aliondoka Januari 1802, mumewe akabaki hadi makabidhiano ya 1803. Mwaka 1806 Waingereza waliutwaa tena mji, safari hii moja kwa moja, na Andrew akarudishwa kazini. Alitangulia peke yake. Oktoba 1807 akafia huko huko Rasi, mkewe yuko London. Tuan Guru naye alifariki mwaka huo.

Baada ya mazishi ndipo ilipokuja habari ambayo hakuna barua ya Dundas ingeweza kuipamba. Andrew alikuwa na binti Cape Town, aitwaye Christina. Mama yake alikuwa mtumwa.

Hapa kuna mahali ambapo mwandishi yeyote angemhukumu Anne kwa alichofanya, na alichofanya hakikutarajiwa na watu wa tabaka lake. Mwaka 1809 alimleta mtoto huyo Uingereza, akamlea nyumbani kwake Berkeley Square, akampa jina la Christina Douglas, akamfundisha kusoma na kuandika vizuri. Wengine wanaiona ni huruma kubwa, na ilikuwa. Mimi nauliza pia habari za mama, ambaye mtoto wake alipandishwa melini. Sheria ya Rasi haikumpa mtumwa sauti juu ya mtoto wake. Ukabaila ulimpa Anne uwezo wa kutenda wema bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na wema wa namna hiyo unamwacha mtu mwingine mikono mitupu.

Katika uzee wake Anne alikusanya shajara, barua na michoro ya Rasi, akaanza kuandika upya maisha yake yote. Kazi ya kunakili ilikuwa kubwa, macho yake yamechoka. Aliyemsaidia kunakili ni Christina. Yaani kurasa zile ambazo watafiti wanazipekua leo kutafuta habari za watumwa wa Cape Town, sehemu yake zimeandikwa kwa mkono wa binti wa mtumwa wa Cape Town. Alinakili mandhari ya mji aliozaliwa kama yalivyoonekana kutoka ngomeni. Tungepata nini kama mtu angempa daftari tupu?

Siri ya ule wimbo aliitoa mwaka 1823, alipomwandikia mwandishi Walter Scott kukiri kwamba yeye ndiye mtunzi. Alifariki tarehe 6 Mei 1825. Aliusia kwamba kumbukumbu zake zisichapwe, na familia ikatii kwa muda mrefu, lakini barua kwa Dundas zilikuwa zimekwenda kwa mtu mwingine. Zikachapwa London mwaka 1901. Tazama mwaka wenyewe: vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vinaendelea, na majeshi ya Uingereza yalikuwa yanawafungia wanawake na watoto wa Kikaburu kambini. Barua zinazoshauri Waholanzi wavutwe kwa upole na dansi zilisomwa wakati mashamba yao yanachomwa moto. Mwaka 1924 Dorothea Fairbridge alitoa kitabu chenye michoro mingi ya Anne, na hapo ndipo wasomaji walipoanza kuiona. Shajara za Rasi zilisubiri hadi miaka ya 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1989, mshairi wa Kiafrikaans Antjie Krog alikuwa amechapisha diwani nzima iitwayo *Lady Anne*, mwanamke wa Kizungu katika siku za mwisho za ubaguzi akimhoji mwanamke wa Kizungu wa siku za mwanzo wa utawala wa Kiingereza. Nadhani Krog ndiye msomaji mkali kuliko wote aliowahi kupata, kwa sababu anampenda na hamsamehe.

Cape Town yenyewe imemtunza kwa kupendelea kidogo. Ngomeni kuna ukumbi wa dansi unaobeba jina lake. Huko Kirstenbosch kuna bwawa la matofali ambalo kwa miaka mingi wageni waliambiwa ni la kuogea Lady Anne. Si kweli. Lilijengwa na Kanali Christopher Bird miaka kadhaa baada ya yeye kuondoka. Jina la kikabaila huvuta sifa hata za vitu lisivyovijenga.

Ukijaaliwa kufika mji huo, nenda ngomeni ukalione Bwawa la Pomboo, linastahili. Kisha toka kwa lango, vuka mji, pitia kwenye makumbusho ya nyumba ya watumwa, panda hadi Mtaa wa Dorp kwenye Msikiti wa Auwal. Ni mwendo wa miguu. Usiishie kituo cha kwanza.